Siku Nilipomkaripia Bi Somoe wa Naipingo

Kila mwaka mabibo yanapoanza kuanguka, masikio yangu huanza kutafuta mngurumo wa gari la chuo. Nimestaafu. Nipo hapa Nkowe, nyumbani kwa marehemu baba, nina kuku wangu na mikorosho yangu, na hakuna anayeningoja popote. Lakini msimu ukifika najikuta nimefagia uwanja mara mbili, nimeteka maji ndoo nne, nimetoa mkeka mkubwa nje, kana kwamba wanafunzi wanakuja. Hawaji. Siku hizi wanafikia Nachingwea na mwalimu wao mpya. Mbele ya nyumba yangu zinapita bodaboda tu zilizobeba magunia.

Ninyi wauguzi vijana mmeniandikia kwenye simu mkiniomba niwaeleze nilivyokuwa nafundisha. Mmoja wenu ameuliza, "Mwalimu Hawa, tupe mbinu." Mbinu ninazo chache, na nyingi nilizipata baada ya kukosea. Nitawaambia. Mnivumilie nikirukaruka, mzee akikumbuka hafuati mstari.

Somo langu lilikuwa na jina refu kuliko njia ya kwenda Matambarale: Uongozi wa Uuguzi Duniani na Unyenyekevu wa Kitamaduni. Niliwafundisha wanafunzi wa shahada ya uzamili, watu wazima, wengine wakuu wa wodi huko watokako, wengine wamevuka mipaka kuja kusoma. Mama yangu, ambaye hakuwahi kushika kalamu, aliwahi kuniuliza ninafundisha nini huko Dar es Salaam. Nikamwambia jina lote. Akafikiri.

"Yaani unawafundisha wauguzi adabu?"

"Ndiyo, mama."

"Wakubwa wale, wenye watoto wao?"

"Ndiyo."

"Basi kazi unayo, mwanangu."

Kazi nilikuwa nayo kweli. Majuma kadhaa tulikaa darasani, tukasoma na kubishana. Kisha nilikuwa nawapakia kwenye gari nakuja nao huku kwetu, Ruangwa na Nachingwea, tukae vijijini, tuketi na watu. Nilipenda kuwaona wanavyobadilika. Siku ya kwanza kila mtu ameshika daftari kama ngao. Siku ya kumi daftari limetumika kupepea jiko.

Alikuwepo kijana mmoja, Daudi, mrefu, kutoka Mwanza, ana akili sana. Alikuwa na maswali yake kwenye kishikwambi, na siku ya kwanza Matambarale alimkuta mama mmoja anatwanga. Salamu aliitoa nusu, hata jibu hakulingoja, akauliza, "Mama, una miaka mingapi?" Yule mama akasimamisha mchi. Akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Kwani umekuja kuniposa?" Majirani walicheka hadi mbuzi wakashtuka. Daudi aliona aibu, lakini kesho yake alirudi kwa mama yule yule bila kishikwambi, akamsaidia kutwanga, vibaya, unga ukamwagika, na akasimuliwa mambo ambayo yasingeenea kwenye fomu yoyote.

Kwa hiyo mbinu ya kwanza ni hiyo. Salamu huku kwetu haiishi kwenye neno la kwanza. Uliza habari za nyumbani, za shamba, za mgonjwa uliyesikia habari zake, na ngoja ujibiwe. Ukiona unapoteza muda, jua wewe ndiye unayepimwa. Na kaa chini. Muuguzi aliyesimama mbele ya mgonjwa aliyeketi ameshamwambia mengi kabla hajafungua mdomo. Mtu akilia, weka kalamu chini. Saa ya mkononi iache kwenye mkoba. Ukikaribishwa ugali wa muhogo na kisamvu, kula, hata kama umetoka kula nyumba ya jirani.

Hayo mengi sikuyatoa kwenye vitabu. Nilifundishwa na Mama Kapinga, muuguzi mkuu niliyemkuta nilipohamishiwa kituo changu cha pili. Enzi hizo sindano zilikuwa za kioo, tunazichemsha kwenye sufuria, na mapigo ya moyo wa mtoto tunayasikiliza kwa kile kipembe cha bati, sikio juu ya tumbo la mama. Leo mna kimashine kinachotoa sauti chumba kizima kisikie. Kizuri. Lakini kipembe kilikulazimisha uiname, uwe karibu, unyamaze.

Siku moja Mama Kapinga alinisikia nikimkemea mzazi kwa kupiga kelele. Hakunisema pale. Zamu ilipoisha aliniita kwenye chumba cha kujifungulia.

"Panda kitandani."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Panda. Miguu huko juu."

Nikapanda, na gauni langu jeupe. Akaacha mlango wazi akaondoka. Watu walikuwa wanapita kwenye ukumbi. Nililala pale robo saa nzima, uso umenipamba moto. Aliporudi akaniuliza, "Umeona nini?"

"Dari."

"Nani amekusalimia?"

"Hakuna."

"Basi. Teremka, kale."

Hakurudia kunisema tena mpaka anastaafu. Natamani angekuwepo nimwambie kwamba robo saa ile nimewapa wanafunzi wangu wote, miaka yote. Wengine walikataa kupanda, wakasema wao ni wakuu wa idara. Hao ndio niliowangojea hadi wakapanda.

Mtaona nimesema Mama Kapinga nilimkuta kituo cha pili. Kituo cha kwanza nilikaa miaka miwili na nilikuwa siizungumzii miaka ile. Hospitali yenyewe sitaitaja. Tulikuwa wasichana wanne kwenye wodi ya wazazi, tumetoka chuoni, tunajiona tumeokoka kutoka kijijini. Hilo liwekeni akilini, maana sasa nawasimulia jambo lenyewe.

Mwaka ule nilikuja na wanafunzi saba. Daudi alikuwemo. Mwingine alikuwa Tamanda, dada mpole kutoka Malawi, kule upande wa ziwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alikuwa anasema "mimi napenda kujua" kila anapotaka kuuliza kitu. Darasani alikaa nyuma. Nikiri mbele yenu: nilimwona mzito. Nilimpa alama za wastani na nikaandika pembeni, "Achangamke zaidi."

Tulifika Naipingo asubuhi. Nesi wa zahanati akatueleza habari ya binti mmoja, Shamsa, mke wa kijana wa hapo. Mimba imefika miezi minane, presha iko juu, miguu na uso vimevimba, anaumwa kichwa. Ameandikiwa barua ya kwenda hospitali mara mbili, hajaenda. Mumewe yuko Mtwara kwenye kibarua. Anaishi na mama mkwe wake, Bi Somoe, ambaye ni nyakanga, yaani ndiye mkubwa wa wanawake wanaowacheza wali, mabinti waliovunja ungo, unyagoni.

"Ni mkali," nesi akasema. "Akitajiwa hospitali anageuza uso."

Ninyi mnajua kifafa cha mimba kinavyokuja. Presha ya namna ile haisubiri. Nikawageukia wanafunzi wangu, mimi mwalimu wa unyenyekevu, Mmwera wa Nkowe, mtoto wa nyumbani, nikasema, "Twendeni. Leo mtaona jinsi mila inavyoua."

Nilisema hivyo. Neno hilo nililitamka mimi mwenyewe, na wapo wanafunzi walioliandika.

Tulimkuta Bi Somoe uwanjani anachambua korosho, mbovu huku, nzima huku. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaniangalia kwa mshangao kidogo, akajibu, "Marahaba." Baadaye nilijua kwa nini alishangaa. Tulikuwa rika moja, na huenda mimi ndiye niliyemtangulia. Jembe lilikuwa limemzeesha, mimi chuo kikuu kimenihifadhi.

Shamsa alikuwa ameegemea ukuta, miguu imenyooka mbele yake, imevimba hadi vifundo havionekani. Uso mzuri, umejaa maji. Hakusema neno.

Nilianza vizuri, lakini sikuendelea vizuri. Nilieleza presha, nikaeleza mtoto, nikaeleza hospitali. Bi Somoe aliendelea kuchambua. Majirani walikuwa wamesogea. Kadiri alivyonyamaza ndivyo sauti yangu ilivyopanda. Mwisho nikasema, "Bi Somoe, wewe ndiye unayemzuia huyu binti. Wewe na mila zako. Huyu akifa, utamjibu nini Mungu?"

Mikono yake ikasimama. Aliweka ungo chini taratibu, hakuna hata korosho moja iliyoanguka. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Shamsa akasema kwa sauti ndogo, "Nendeni tu, Mwalimu."

Nikawaambia wanafunzi tuondoke, tukajipange upya. Wote walisimama isipokuwa Tamanda. Alikuwa ameketi mchangani karibu na ule ungo.

"Tamanda, twende."

"Mwalimu, mimi nabaki kidogo. Yule mama hajamaliza kusema."

"Hajasema chochote."

"Ndiyo," akasema Tamanda.

Nilikasirika. Lakini mbele ya watu sikutaka mabishano, nikamwacha. Tulikwenda kukaa zahanati. Yaliyofuata nilisimuliwa na Shamsa mwenyewe. Tamanda hakugonga mlango. Alivuta ungo akaendelea kuchambua korosho pale Bi Somoe alipoishia, na kwa kuwa hakujua ipi mbovu ipi nzima, akawa anauliza kwa sauti, peke yake, kwa Kiyao.

Bi Somoe ni Myao. Na Tamanda alilelewa na bibi yake huko Malawi, Myao vilevile. Miaka kumi na mbili nilikuwa nawaleta wanafunzi Naipingo, nikazungumza na wazee wa pale kwa Kiswahili cha ofisini, na wakanijibu kwa Kiswahili cha shuleni, kifupi, chenye adabu. Sikuwahi kuuliza mtu anaota kwa lugha gani. Na katika alama zangu za wastani, sikuwahi kumuuliza Tamanda nyumbani kwao wanasema nini.

Mlango ukafunguliwa. Bi Somoe alitoa kichwa akasema kwa Kiyao, "Nani huyo anaongea kama marehemu shangazi yangu?" Shamsa anasema walicheka wote watatu, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha Bi Somoe akaketi, na wakachambua korosho hadi alasiri.

Tamanda aliporudi zahanati, macho yake yalikuwa mekundu. Alinivuta pembeni.

"Mwalimu, yeye hamzuii. Anaogopa."

Akanisimulia, Kiswahili kinakatika, anakitafuta, anakipata. Bi Somoe alipokuwa msichana alijifungua mtoto wake wa kwanza hospitalini. Mtoto alitoka amekufa. Alipopata nguvu aliomba apewe mtoto wake wakamzike. Nesi akamjibu, "Mtoto gani? Hapa hakuna mtoto." Akaomba tena, akaambiwa asisumbue watu wanaofanya kazi. Alikwenda mamaye kuuliza, akafukuzwa mlangoni. Mpaka leo hajui walimweka wapi. Hakuoshwa, hakusaliwa, hakupewa jina.

"Anasema Shamsa akienda, wakampoteza mtoto, watamtupa huyu pia."

Nikauliza hospitali ipi. Akaitaja. Nikauliza lini. Tamanda akasema, "Hajui mwaka. Anasema ile masika ambayo madaraja yalichukuliwa na maji, watu wa Ruangwa wakakaa wiki nzima bila njia."

Wanangu, masika ile naijua. Nililala wodini kwa sababu njia haikuwepo. Tulikuwa wanne.

Nitawaambia ukweli ambao sikuwahi kuusema darasani kabla ya siku ile. Maneno yale tulikuwa tunayasema. Yalikuwa maneno ya kawaida ya wodi ile, kama kusema fungua dirisha. Mtoto aliyezaliwa amekufa tulimchukua kwenye bakuli la chuma, tukampeleka nyuma ya jengo, na mama akiuliza tukamwambia hakuna mtoto, tukidhani tunamsaidia asahau. Mimi binti wa Kiislamu, niliyejua vizuri kwamba mtoto yule ana haki ya sanda. Je, ni mimi niliyemjibu Bi Somoe? Nilikaa nyuma ya zahanati nikatafuta uso wake kichwani mwangu, nikatafuta tena. Sikuupata. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Kama ningemkumbuka, angalau angekuwa amewahi kuwa mtu machoni pangu.

Kesho yake alfajiri, kuku wakiwa ndiyo kwanza wanashuka, nilirudi na Tamanda peke yake. Niliketi mchangani. Bi Somoe alikuwa anawasha moto. Nikasema, na Tamanda akawa anayapeleka maneno yangu kwa Kiyao, ili lisipotee hata moja.

"Bi Somoe, masika ile nilikuwa nesi katika wodi ile. Tulikuwa wanne. Sijui kama ni mimi niliyekujibu. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki. Lakini maneno yale tuliyasema, mimi pia niliyasema kwa wanawake. Na jana nimekutukana mbele ya watu, nyumbani kwako. Nimekuja kuomba radhi."

Alipuliza moto. Akapuliza tena.

"Hukumbuki," akasema kwa Kiswahili.

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka." Akasukuma kuni ndani. "Alikuwa wa kike."

Nikamsogezea ukuni mwingine.

Kisha Bi Somoe akasema, "Ungesema si wewe, ningekufukuza. Ungesema ni wewe, ningekupiga na kijinga hiki cha moto. Sasa umesema hujui. Nikufanye nini?"

Na hapo ndipo Shamsa aliposema kutoka mlangoni, ameshika mwimo, anapumua kwa shida.

"Mimi hakuna aliyeniuliza."

Tukageuka wote.

"Barua imeandikwa, mama amekataa, Mwalimu amefoka, Tamanda amelia. Mimi mwenye tumbo hakuna aliyeniuliza. Nataka kwenda. Lakini nataka mama aingie pamoja na mimi hadi ndani. Na nikimpoteza huyu, nipewe. Mkikubali hayo mawili, nakwenda sasa hivi."

Wanafunzi wangu walisoma kurasa nyingi sana juu ya uongozi. Mimi niliuona pale mlangoni, umevimba miguu.

Tulimpakia kwenye gari la chuo, Bi Somoe pembeni yake na kibeseni cha nguo. Hospitalini muuguzi wa zamu alituambia utaratibu hauruhusu ndugu kuingia leba, kwa sababu ya wazazi wengine. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Zamani ningetumia cheo changu. Safari hii Daudi alimwomba amwonyeshe chumba, akapima kwa macho, akauliza, "Kitanda kile cha mwisho, tukikiwekea pazia?" Yule muuguzi akafikiri, akasema tujaribu. Daudi akaenda sokoni kutafuta kamba, akarudi, akafunga vitenge viwili vya wanafunzi wenzake kutoka dirishani hadi kwenye msumari. Bi Somoe akaingia nyuma ya pazia lile na hakutoka tena ila kwa swala.

Dawa ziliteremsha presha siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu asubuhi ikapanda kwa ghafla, Shamsa akaanza kuona giza, na daktari akaamua kumpasua. Walifanya kila waliloweza. Shamsa aliokoka. Mtoto hakuokoka.

Ningependa kuwaambia vinginevyo. Mara nyingi nimeisimulia habari hii na kila mara natamani ifikapo hapa igeuke.

Tamanda ndiye aliyemchukua mtoto. Alimpangusa, akamvika kanga ya Bi Somoe ambayo ilikuwa kwenye kibeseni, akatoka naye kwenye chumba cha upasuaji, tulipokuwa tunangoja mlangoni na Bi Somoe, akiwa amembeba kwa mikono miwili, kama mtoto yeyote. Akapiga magoti.

Bi Somoe hakumpokea mara moja. Alituangalia sote, mmoja mmoja, kisha akauliza, "Naruhusiwa kumfunua uso?"

"Ni wako, mama," Tamanda akasema.

Akamfunua. Akamtazama kwa muda mrefu sana, mpaka nikajua hamtazami mmoja. Akamsomea maneno sikioni. Halafu akanigeukia mimi, akaninyooshea.

"Mshike."

Nikamshika. Nimezalisha wanawake nisioweza kuwahesabu, lakini mtoto aliyekufa sikuwahi kumpakata hata siku moja. Alikuwa na uzito. Sijui kwa nini nilidhani hatakuwa na uzito.

Jioni ile ile, baada ya Shamsa kuzinduka na kumpakata, alizikwa Naipingo, ameoshwa, ameombewa dua. Walimpa jina. Sitaliandika hapa, ni la kwao.

Kesho yake niliwaketisha wanafunzi wote saba nikawaeleza habari yangu yote, ya wodi, ya wasichana wanne, ya bakuli la chuma. Nikawaambia, "Siku tulipofika Naipingo nilisema mila inaua. Futeni. Waliomtisha yule mama ni sisi." Daudi akauliza, "Sasa tufanye nini, Mwalimu?" Nikamwambia sijui, tukamwulize Shamsa. Tukamwuliza. Kutoka kwenye majibu yake, akiwa kitandani na mshono wake, wanafunzi waliandika ukurasa mmoja tu: mzazi aulizwe anataka nani awe naye; mtoto akifa, mzazi aulizwe kama anataka kumwona, na apewe azikwe, asiambiwe kamwe kwamba hakuna mtoto. Muuguzi mkuu wa hospitali aliubandika ukutani. Wanafunzi waliondoka nao, kila mtu kwenda kwao. Tamanda alikwenda nao Malawi, na sasa anaongoza wauguzi wa wodi nyingi huko. Alama zake nilizirekebisha. Na yale maneno ya pembeni niliyakata kwa kalamu nyekundu, nikamwonyesha nilivyoyakata.

Huniletea sauti kwenye simu siku za Ijumaa, dakika mbili, tatu. Nami huzisikiliza zaidi ya mara moja. Namkumbuka sana. Nawakumbuka wote, hata wale wabishi. Nakosa kelele zao za kugombea ndoo asubuhi, nakosa kuulizwa swali nisilolijua. Mtu akistaafu watu humwambia apumzike. Hawamwambii kwamba kupumzika kuna kimya chake.

Bi Somoe aliendelea kuwa rafiki yangu, kama neno rafiki linatosha. Kila msimu nilikwenda kwake tukachambua korosho, akinifundisha Kiyao na kunicheka, anasema nakitamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Hatukuizungumzia tena masika ile isipokuwa mara moja. Aliniuliza, "Bado hukumbuki?" Nikasema bado. Akasema, "Haya," akanisogezea ungo. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Alifariki msimu wa kupalilia, kwa malaria iliyochelewa kutibiwa. Nilipopata habari nilikaa uwanjani hapa nikasema peke yangu Kiyao changu kibovu, chote nilichojaliwa kukijua.

Shamsa alipata mtoto wa kiume baadaye. Safari hiyo alianza kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu, akajifungua salama.

Mwezi uliopita yule mwalimu aliyenirithi alinipigia simu, akaniambia wanafunzi wako Naipingo, kama nina nguvu nije. Nilikuwa nimeshafunga kitambaa kichwani kabla hajamaliza kusema. Bodaboda ilinifikisha saa nne. Niliwakuta kwa Shamsa, wanafunzi tisa mchangani, na mwalimu wao naye ameketi kati yao. Mbele alikuwa Shamsa, amekaa kwenye mkeka, mtoto wake amelala pajani. Yeye ndiye aliyekuwa anafundisha.

Nilitafuta nafasi nyuma, nikaketi. Alikuwa anawauliza, "Mmeingia kwangu leo. Semeni kweli, mmeniona mimi ni nani?"

Wakatazamana. Mimi jibu nilikuwa nalo, zuri, nimelitafuta miaka mingi. Nikanyoosha mkono.

Shamsa akaniona, akatabasamu.

"Mwalimu Hawa, wewe ngoja kwanza. Tuwasikilize wageni."

Nikashusha mkono.